Mafunzo ya usaili wa benki: mkufunzi ndiye mali, makabrasha yaache

Kama huduma hii ingekuwa makabrasha peke yake, ningedai hela yangu irudi. Ni majibu ya kukariri mwanzo mwisho. Hata lile la "udhaifu wangu ni kujituma kupita kiasi" limo, na sidhani kama bado kuna msaili anayelimeza.

Kilichoniokoa ni usaili wa majaribio kwa video. Mkufunzi aliwahi kuwa afisa mikopo, na inaonekana. Wala hakuniambia nijieleze. "Dada, amana ya mteja kwenye vitabu vya benki ni mali au deni?" Nikamjibu ni deni, maana benki itadaiwa kuirudisha, mali yake ni mkopo iliyoutoa. Nikadhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Sasa benki inakula wapi? Kwenye tofauti ya riba inayolipa kwa amana na ile inayotoza kwenye mikopo, pamoja na ada. Na kama wakopaji wengi ni wakulima, ukame ukaingia? Hapo ndipo benki ya kanda inapoachana na benki kubwa: wateja wake wako eneo moja, mara nyingi shughuli moja, na wakiyumba wanayumba pamoja.

Akanipitisha kwenye anguko la Silicon Valley Bank ya Marekani, Machi 2023. Wenye amana wengi walikuwa kampuni za teknolojia na wawekezaji wao. Fedha zao zikawekwa kwenye hati fungani (hati za kuikopesha serikali au taasisi kwa riba) za muda mrefu, riba zikapanda, thamani ya hati ikashuka, wateja wakakimbilia kutoa, benki ikafungwa. Hakutumia slaidi hata moja. Tangu hapo, nikifungua taarifa ya mwaka ya benki naanza na mizania, yaani jedwali la mali na madeni yake, na mikopo chechefu, ile isiyolipwa inavyotakiwa. Maneno matamu ya mwenyekiti wa bodi yanasubiri.

Wanaoomba kazi ya dirishani, huku mtapunjika. Kumtambua mteja na kushtukia utakatishaji fedha kumepewa ukurasa mmoja, tena wa haraka haraka, wakati huko dirishani ndiko fedha chafu hujaribu kuingilia. Nimewaandikia kuhusu hilo, wakanijibu kwa ujumbe wa shukrani usiosema kitu.

Nyota tatu kati ya tano. Ukijisajili, omba mkufunzi aliyetoka idara ya mikopo. Yule wa mavazi na tabasamu mruke.