Kalkuleta ya advansi: nunua ipi, na ile ya kuchora grafu iache dukani

Kila shule zikikaribia kufungua Form Five swali ni lile lile, mzazi anauliza anunue kalkuleta gani, na tayari kuna mtu kashamwambia kwamba mtoto wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) lazima awe na ile ya kuchora grafu kama TI-84. Jamani hapana. Pepa za NECTA (Baraza la Mitihani) za Advanced Mathematics na BAM, yani hesabu nyepesi za Basic Applied Mathematics, zinaruhusu kalkuleta isiyoprogramiwa, na TI-84 inaprogramiwa, yani unatoa zaidi ya dola 100 halafu msimamizi anaizuia mlangoni. Anayeihitaji kweli ni kama yule wa mtaala wa kimataifa wa IB.

Kwangu namba moja ni Casio fx-991ES Plus na sioni ya kushindana nayo. Intagresheni, matriksi, vekta, namba changamano, ikwesheni mpaka za kyubiki, vyote vimo. Ila watu wengi wanaibeba miaka miwili bila kugusa TABLE, sehemu ya kutengeneza jedwali la thamani, na hiyo ndo mbadala wako wa grafu. Bonyeza MODE 7, andika X³−3X+1, ikikuuliza g(X) piga = upite, anzia −3 ishia 3, hatua 1. Inakuletea −17, −1, 3, 1, −1, 3, 19, unachukua grafu pepa unachora kwa mkono kama wanavyotaka, na hapo hapo unaona alama inabadilika mara tatu, basi ruti (pale grafu inapokata mhimili wa X) ziko tatu. Unataka ile iliyo kati ya 1 na 2? Rudi MODE 1, andika 1.5 = kisha Ans−(Ans³−3Ans+1)÷(3Ans²−3), uwe unabonyeza = tu, inakupa 1.5333 halafu inatulia kwenye 1.532. Hiyo ni Newton-Raphson nzima, ile njia ya kuisogelea ruti hatua kwa hatua, na maksi zake zipo kabisa.

Namba mbili fx-570ES Plus, ni ile ile ila haina sola, betri ikifa katikati ya mtihani ni shauri yako. Ukiikuta bei nafuu chukua, weka betri mpya kabla ya mtihani.

Namba tatu fx-991EX. Kwa uwezo inaipita ya kwanza, skrini safi, matriksi mpaka 4×4, na inatoa QR kodi ukiiskani na simu unaona grafu yenyewe, ila bei imechangamka na menyu zake ni tofauti na anazofundisha mwalimu ubaoni, sasa kila saa mtoto anauliza "MODE iko wapi". Mwenye hela achukue.

Ya nne fx-991MS ya kaka mtu iliyobaki kabatini. Intagresheni inafanya ila TABLE haina. Bora kuliko kukopa ya jirani. fx-82MS yeye kwa Adv Maths hatoshi, asikudanganye mtu.

Grafu za kujifunzia nyumbani usizinunue kabisa, weka GeoGebra au Desmos kwenye simu, ni bure na ukishaipakua inachora hata bando likiisha. Tena wanaofanya SAT ya kompyuta (mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani) wanaikuta Desmos humo humo ndani ya mtihani, kwa hiyo ukiizoea mapema hujapoteza kitu.

Sasa dukani, feki zimejaa. Usisikilize neno "orijino", omba uiwashe: shikilia SHIFT na 7 kisha bonyeza ON, ES halisi inaingia kwenye skrini ya majaribio, nyingi za feki zinabaki kukutolea macho. Halafu ukifika nyumbani mwoneshe mtoto SHIFT MODE 4 ya radiani, maana wanaintagreti sin x ikiwa kwenye digrii halafu wanasema kalkuleta mbovu.