Karakana ya vioo vya rangi Kibuye, Kisumu: nawapa nyota nne

Kama kanisa lenu lina yale madirisha ya vioo vya rangi yaliyoshikwa na risasi (ile metali laini, sio ya bunduki) na mvua ikinyesha yanavuja, kuna karakana hapa Kibuye wanayapaka simiti upya, tuliwapa yetu na kazi imetoka poa, mvua ya jioni inapiga ikitoka ziwani na ndani hakuna tone. Lakini kilichonifanya niandike ni vile wanajichunga, maana wengi huku jua kali wanashika risasi kama udongo tu.

Simiti yenyewe ni unga wa chaki, mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), tapentaini na masizi kidogo iwe nyeusi, wanaisukuma chini ya risasi na brashi ngumu alafu wanamwaga chaki kavu juu inyonye mafuta yaliyobaki. Sasa shida iko kwa kusugua. Dirisha la zamani limeota kutu nyeupe ya risasi, ukisugua ikiwa kavu inapaa na wewe unaivuta. Hawa wanapangusa kwanza na kitambaa cha maji, glavu ziko, maski ni ile ya chujio sio ya kitambaa ya wakati wa corona, na sakafu haifagiliwi, inapigwa deki. Kula humo ndani sahau. Padri wetu aliingia na soda mkononi akaambiwa "father, hiyo tuiache nje" na akatii hehe. Ovaroli pia hazitoki hapo kwenda nyumbani, sababu risasi inaumiza watoto zaidi, inaingia mpaka kwa ubongo, uliza watu wa Owino Uhuru, ule mtaa kule Mombasa ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia sumu ya risasi.

Kitu sikuwa najua ni matambara ya linsidi, kumbe ukiyarundika yanajipasha moto yenyewe mpaka yanawaka bila kiberiti! Wanayatumbukiza kwa mkebe wa chuma wenye maji na kufunika.

Nyota moja nimetoa juu ya hewa. Siku ya kupaka walifungua mlango mmoja tu na tapentaini ilinigonga kichwa, watu makini hivyo wanakosaje feni? Bei nayo si ya kuchekesha. Na msiwasukume, dirisha lazima lilale siku kadhaa simiti ishike, ukilisimamisha mapema unarudi kulipa tena. Watoto waacheni nyumbani mkienda kulichukua.