Fulashi mfukoni kabla ya dola: kupima laptop ya mtumba Lubumbashi kwa Linux

Niliwahi kuongeza dola 40 ili nichukue laptop yenye kibandiko cha i7, nikaiacha ya i5 iliyokuwa pembeni yake mezani. Nilipofika nyumbani Kamalondo ndipo nikaandika lscpu, amri ya Linux inayotaja prosesa: i7-6600U, viini viwili, nyuzi nne. Ile i5 niliyoidharau ilikuwa i5-8350U, viini vinne, nyuzi nane. Muuzaji hakunidanganya, ni i7 kweli. Mimi ndiye sikuuliza ni ya kizazi gani, yaani ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 6 dhidi ya 8.

Kosa la namna hiyo linazidi kuwa rahisi kulifanya. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 kwa kawaida inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo ofisi za ng'ambo zinazitoa zile za kizazi cha 6 na cha 7. Kwa mtu wa Linux hizo bado ni mashini nzuri, mradi ujue unalipia nini.

Nunua fulashi kwanza, ya GB 16 inatosha. Kabla ya kuiamini, ipime kwa programu ya f3: amri ya f3write inaijaza, f3read inasoma kilichoandikwa, na fulashi ya uongo inaumbuka hapo hapo. Kisha weka Ventoy, inayoifanya fulashi iweze kuwasha mashini, unakili faili za Linux Mint na SystemRescue (Linux ya kukagua na kuokoa mashini), basi. Dukani, Lenovo na Dell nyingi hufungua orodha ya kuwashia kwa F12, HP kwa F9. Mashini ikidai nenosiri la BIOS ambalo muuzaji halijui, rudisha mezani.

“Papa, niiwashe na fulashi yangu?”

“Haitafuta Windows?”

“Hapana papa, haigusi diski. Nikizima, inarudi vile ilikuwa.”

Nimezipanga programu za kupimia kwa mambo mawili: ifanye kazi bila intaneti, maana megabaiti ni zako, na imalize kabla uvumilivu wa muuzaji haujaisha.

Ya kwanza ni inxi. Imo tayari ndani ya Mint. Andika inxi -Fxz na ukurasa mmoja unakupa jina kamili la prosesa, RAM, diski, kadi ya Wi-Fi na hali ya betri. Jina la prosesa kwenye dirisha la Windows linaweza kubadilishwa na mtu mwenye ujanja kidogo. Hapa inajibu prosesa yenyewe. lshw na hwinfo zinasema mengi zaidi, lakini dukani mengi hayo yanakuchosha tu. Ukitaka kujua RAM imekaa kwenye nafasi ngapi, sudo dmidecode -t memory inatosha.

Ya pili ni smartctl, inayosoma afya ya diski, na kama mashini ina diski ya kuzunguka, mimi naipandisha iwe ya kwanza. Iko kwenye SystemRescue: smartctl -a /dev/sda. Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Zote ziwe sifuri. Ya pili ikipanda, diski inaumwa, na hesabu bei bila diski. Power_On_Hours ni saa ilizowaka: mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Saa 30 kwenye laptop ya miaka minane maana yake diski ilibadilishwa, basi uliza kwa nini. Kwa NVMe, diski ya kisasa isiyozunguka, soma Percentage Used, yaani kiasi cha maisha yake kilichokwisha tumika.

Ya tatu ni betri, na hapa mjini, umeme unapokatika jioni, mtu anaijutia haraka. Amri ya upower -d inakupa energy-full na energy-full-design. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ikiwa betri iliundwa kwa Wh 24 na sasa inashika 12, umebaki na nusu. ThinkPad T480 ina betri mbili, BAT0 na BAT1, na watu hupima moja.

Ya nne ni kuichosha. stress-ng --cpu 0 --timeout 10m inabebesha viini vyote, huku sensors ikionyesha joto kwenye dirisha jingine. Zote mbili unaweza kulazimika kuziongeza mwenyewe kwenye Mint, kwa hiyo jiandae nyumbani. Kasi ipime kwa 7z b kabla na baada. Namba ya MIPS, yaani kasi, ikishuka sana, feni imejaa vumbi au dawa ya joto inayopakwa juu ya prosesa imekauka. Vumbi letu la kiangazi linajulikana. Kusafisha si ghali, ila lipunguzwe kwenye bei.

Memtest86+, ya kupima RAM, ni nzuri, lakini hakuna muuzaji atakayekuachia kaunta kwa saa nzima. Iendeshe usiku wa kwanza. HardInfo2, inayoonyesha vifaa vya mashini kwenye dirisha, inapendeza kwa wasiopenda teminali. Phoronix Test Suite naiweka mwisho: ni pana kuliko zote, lakini hupakua majaribio yake mtandaoni, na kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, hiyo ni kulipa mara mbili.

Wiki iliyopita nilimwonyesha muuzaji mmoja betri kwenye skrini: Wh 13 kati ya 24. Akavaa miwani, akasoma, akaita mdogo wake naye asome. Akaniuliza kama fulashi hiyo naiuza.