Kliniki ya usingizi: daktari aliyempima mama presha amelala, kisha amesimama

Mama yangu ana miaka 64. Sukari anayo mwaka wa 15 huu, na presha pia. Alikuwa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Mara ya kwanza alipopewa nusu kaputi, kwenye hospitali nyingine, presha ilianguka mpaka wakaahirisha upasuaji. Tukaambiwa tu, "Mwili wake umekataa dawa." Miezi minane tumeishi na neno hilo, mama akiamini hapasuliki tena.

Safari hii, siku tatu kabla ya upasuaji, tulipelekwa kwanza kliniki ya usingizi, yaani ya madaktari wa nusu kaputi. Tulifika saa moja asubuhi, tukaingia saa tano, na benchi la kusubiria halina hata egemeo. Kwa wagonjwa wa sukari waliokuja bila kifungua kinywa, hilo si dogo.

Lakini yule daktari! Kijana tu. "Shikamoo mama," akavuta kiti. Akampima presha amelala: 148 kwa 86. Akamsimamisha, akangoja dakika 3, akapima tena: 116 kwa 70. Mapigo ya moyo yalikuwa 82, yakawa 84 tu. "Mama, ukiamka usiku kwenda msalani, huwa unapata kizunguzungu?" Mama akainamisha kichwa. Kumbe siku zote alikuwa anashika ukuta, na nyumbani hakuna aliyejua.

Akatueleza kuwa kwenye mishipa mikubwa ya shingo, na kwenye ule unaotoka moyoni, kuna neva zinazofanya kazi kama boya la tangi. Presha ikishuka, ubongo unapata habari, moyo unaongeza mwendo na mishipa inabana. Sasa propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, inalegeza mishipa na papo hapo inalilegeza boya lenyewe. Gesi za usingizi nazo hulipunguzia nguvu. Mtu mwenye neva nzima bado hubaki na akiba. Za mama zilikuwa zimeshaliwa na sukari kabla ya sindano kumgusa. Nililia pale pale, maana kwa miezi minane hakuna aliyetuambia hivyo.

Akapanga: asubuhi ya upasuaji asimeze lisinopril, dawa yake ya presha, dripu itangulie, propofoli iingie kidogo kidogo, na fenilefrini, dawa ya kupandisha presha, iwe tayari kwenye sirinji. Chakula cha mwisho akakirudisha nyuma kuliko zile saa 6 za kawaida. Neva za aina hiyo hiyo ndizo zinazoliongoza tumbo kusukuma chakula; zikiharibika, chakula hukawia tumboni, na aliye kwenye nusu kaputi hana kikohozi cha kuzuia matapishi yasiingie mapafuni.

Jioni ya siku ya upasuaji daktari alipita wodini mwenyewe, akatusimulia. Presha ilishuka hadi 88 mama alipolala, wakaipandisha, upasuaji ukaendelea mpaka mwisho. Mama alikuwa anadai uji.

Nawapa nyota 4. Ya tano nimeizuia kwa foleni, na kwa sababu karatasi ya kuruhusiwa haikuwa na neno hata moja kuhusu presha ile. Ilibidi niombe, ndipo daktari akaandika kwa mkono kwenye daftari la sukari la mama: vipimo viwili, dawa aliyopewa na jinsi alivyoipokea. Kama mzazi wako ana sukari ya miaka mingi, nenda na daftari lake, na uombe apimwe amesimama.