Meza ya kukodi ndani ya stesheni ya zamani: walivyomfukuza mama benchini

Nina miezi kadhaa nimekodi meza ya kazi katika stesheni moja ndogo ya reli ya zamani, huku kwetu Ukambani, iliyogeuzwa ofisi. Nilikuwa nimepanga kuisifu. Sasa siwezi.

Wiki jana, au ile ya kabla yake, mama alinipitia akitoka zahanati. Magoti yanamsumbua. Akaketi kwenye benchi la mbao lililo nje, chini ya mabati, nimalize simu twende nyumbani. Mlinzi akamjia: "Nyanya, hapa si pa kungojea. Benchi ni la waliolipa." Mama aliinuka bila neno. Nilimkuta nje ya lango, juani, ameegemea ukuta.

Si pa kungojea? Benchi la stesheni ni la nini basi? Mama amelala juu ya benchi hilo hilo siku nyingi sana na magunia yake ya ndengu, akisubiri treni ya usiku, daraja la tatu, ayafikishe soko la Kongowea, Mombasa. Stesheni masta ndiye aliyekuwa akimwamsha. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na kwetu sijasikia mzee hata mmoja akisema aliwahi kulipia kuketi. Abiria walihamia reli mpya ya SGR 2017, sawa. Mama hakuhama.

Nilipokwenda kulalamika, msimamizi alinijibu kupitia dirisha la tiketi, kalifungua nusu, macho kwenye simu: "Sheria ni sheria, dada." Akalifunga.

Jengo lenyewe silisemi vibaya. Kuta za mawe ni nene, hata Oktoba sihitaji feni. Tunakaa kilichokuwa chumba cha mizigo, na mlango wake mpana unaleta mwanga ambao sijaupata katika ofisi nyingine yoyote. Treni ya mizigo ikipita, maana bado hupita, meza inatetemeka nami nafurahi. Mtu wa kazi ya utulivu atapapenda. Njoo, ila usije na mzazi wako.

Hapana. Usije kabisa. Nikikumbuka mama alivyosimama pale juani, hata huo mwanga siutaki. Siku nilizolipia zikiisha naondoka, isipokuwa mlinzi na msimamizi wafike nyumbani wamwombe mama radhi. Si mimi. Yeye.