Chanjo ya influenza kwa mgonjwa wa moyo: tulivyohudumiwa Mombasa

Baba yangu alipata mshtuko wa moyo miaka mitatu iliyopita na tangu wakati huo hajakosa kliniki hata mara moja, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anapaswa kuchanjwa dhidi ya influenza, yaani homa kali ya mafua, kila mwaka. Mwezi uliopita nilimpeleka mwenyewe katika kituo kimoja binafsi cha chanjo katikati ya Mombasa.

Sifa kubwa ya kituo hicho ni muuguzi aliyetupokea. Kabla ya kushika sindano alimuuliza Baba kama ana homa, kama amewahi kudhurika na chanjo yoyote, na anatumia dawa gani. Aliposikia kwamba anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, alichagua sindano nyembamba, akamchoma begani, kisha akapabonyeza kwa pamba dakika mbili nzima bila kusugua ili damu isivilie. Tulikaa robo saa tukiangaliwa ndipo tukaruhusiwa kuondoka.

Baba alikuwa na hofu, kwa kuwa jirani alimwambia kwamba chanjo huharibu moyo, na nilipenda kuona kwamba muuguzi hakuipuuza hofu hiyo. "Mzee wangu, hayo uliyoyasikia yana chanzo chake," alimwambia, akaeleza kwamba baadhi ya watu waliopewa chanjo za korona za aina ya mRNA (zinazoupa mwili maelekezo ya kutengeneza kipande cha kirusi), hasa vijana wa kiume, walipata uvimbe wa misuli ya moyo, kwamba hali hiyo ilikuwa nadra na wengi walipona, na kwamba sindano ya influenza ni ya aina nyingine na haina virusi hai. Ugonjwa wenyewe ndio wa kuogopwa: homa huuharakisha moyo, mapafu yaliyoathirika huunyima oksijeni, na mwili unapopambana na virusi, utando wa mafuta ulio ndani ya mshipa wa moyo unaweza kupasuka, damu ikaganda juu yake na kuziba njia.

Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba katika siku 7 baada ya mtu kuthibitika kuwa na influenza, uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo ulikuwa takribani mara 6 ya kawaida. Jaribio la IAMI, lililopima chanjo ya influenza kwa wagonjwa wa moyo na kuongozwa kutoka Sweden, lilihusisha wagonjwa 2,571, wengi wao wakiwa wametoka tu kupata mshtuko. Baada ya miezi 12, waliofariki, waliopata mshtuko mwingine au ambao stenti zao (vijibomba vinavyouweka wazi mshipa wa moyo) ziliziba walikuwa asilimia 5.3 kati ya waliochanjwa, na asilimia 7.2 kati ya waliopewa sindano isiyo na dawa. Sielewi kwa nini jambo zito kiasi hiki aambiwe mgonjwa na mwanawe badala ya kliniki yake.

Kituo nacho kina upungufu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza muundo wa chanjo hii, yaani aina za virusi inazolenga, mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini na Septemba kwa nchi za kusini, nasi tulio karibu na ikweta tunahitaji kujua tunapewa upi. Ilinibidi niuombe mwenyewe ule mkebe ili nisome. Namba ya toleo la chanjo pia iliandikwa kwenye kadi baada ya mimi kuiulizia, na hawana utaratibu wa kumkumbusha mtu mwaka ujao. Kadi hiyo sasa Baba ameiweka ndani ya daftari lake la kliniki ya moyo, mahali ambapo daktari ataiona.