Cessna 172M ya mwaka 1975: uzoefu wangu wa kumiliki ndege ya zamani pale uwanja wa Wilson, Nairobi

Ukienda kuangalia ndege ndogo ya kununua, muuzaji atakuonyesha rangi na redio mpya. Mimi na mwenzangu tulianza na vitabu vya kumbukumbu za matengenezo, na hilo ndilo nalishukuru kuliko yote.

Tulikuwa na mbili za kuchagua. Moja iling'aa, na injini yake ilikuwa na saa chache za kuruka tangu ovahauli (kufunguliwa yote na kukarabatiwa upya), ila vitabu vilionyesha imekaa miaka mingi pwani bila kuruka. Ya pili ilikuwa imepauka, saa zake nyingi, lakini iliruka karibu kila wiki. Fundi akatuambia tuchukue hiyo iliyopauka. Kwenye Lycoming O-320, injini ya ndege hizi, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iko juu, mbali na oili iliyotulia chini. Injini ikilala muda mrefu, oili huchuruzika yote na chuma hubaki wazi, kutu ikaingia, hasa penye hewa ya chumvi. Ndiyo maana Lycoming wenyewe hushauri ovahauli kila saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia.

Kabla hujatoa hela, tafuta fundi asiye na uhusiano na muuzaji. Apime mgandamizo wa kila silinda, amulike ndani ya mabawa na mkia kutafuta kutu, kisha akague reli za viti. Hizo reli asiziruke kabisa! Kiti kikiachia ndege inapopaa, rubani huteleza nyuma huku ameshika usukani, na pua ya ndege huinuka. Cessna za umri huu zina agizo rasmi la usalama kuhusu jambo hilo.

Urukaji wenyewe ni mtamu na wa kutabirika. Lakini Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na zile nguvu farasi 150 za injini hapo zinabaki kama 125. Kabla ya kupaa tunavuta kidogo kitasa chekundu kupunguza mafuta mpaka injini ingurume vizuri. Viti ni vinne, ila jua likiwa kali hewa huzidi kuwa nyepesi, kwa hiyo sisi hupakia watu wawili tu. Kuruka hadi Ukunda, pwani, ni saa mbili na ushei, na tunaondoka alfajiri.

Inakunywa lita 30 hadi 35 za avgas (petroli ya ndege) kwa saa, na viwanja vingi vidogo havina avgas, kwa hiyo piga hesabu ya kurudi kabla hujaondoka. Vipuri vinapatikana, kwani 172 ndiyo ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote duniani. Kinachouma ni bima, maegesho na cheti cha kila mwaka cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya: utalipa hata usiporuka. Kila saa tunayoruka tunaweka akiba ya ovahauli ijayo.

Kama unaruka mara moja moja tu, kodisha ndege ya klabu. Ukiwa na mwenzako wa kuaminika na mnaruka kila wiki, nunueni.